Siku ya Arobaini na Nne

Kisa hiki nilisimuliwa na jirani yangu Bi Lurleen, Jumapili iliyopita baada ya ibada, tukimenya viazi vitamu barazani. Kinamhusu Keziah, binti wa mdogo wake, msichana wa miaka kumi na miwili wa hapa kwetu St. Louis.

Kila jioni Keziah huandaa meza mama yake, Odessa, anaporudi kutoka ofisi ya serikali kuu alikofanya kazi miaka kumi na tisa. Jioni moja aliandaa, lakini hakula. Alivunjavunja tu mkate wa mahindi sahanini.

"Odessa, leo ni siku ya arobaini na tatu tangu wakunyime ukuu wa kitengo," alisema Mama Mkubwa Lurleen, mstaafu wa serikali, aliyekuja kula nao. "Mfanyakazi wa serikali kuu akibaguliwa ana siku arobaini na tano za kumwona mshauri wa malalamiko. Zikipita, hata ukilia machozi ya damu, mlango umefungwa."

"Nina ushahidi gani, Dada? Bosi wangu, Bwana Huckaby, kasema nilianguka usaili. Kapita kijana niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe. Labda kweli nimechakaa."

"Umechakaa wewe? Labda viatu vyako!"

Mama hakucheka. Keziah alimwona akiinamisha kichwa kwa ajili ya uongo wa Huckaby, akajichukia.

"Si kweli, Mama. Nilimsikia."

"Ulimsikia nani?"

Maneno yakamtoka kama matapishi. Siku watoto walipokaribishwa kazini kwa wazazi wao, alikuwa nyuma ya mashine ya soda. Bwana Huckaby, akila donati, midomo ikimeta mafuta, alimwambia mwenzake: "Nimweke Odessa, mweusi yule, kwenye kiti cha mkuu? Wageni watadhani wamekosea jengo!" Wakacheka hadi makombo yakawaruka vinywani. Alipomwona Keziah, alimminya shavu kwa vidole vyenye sukari, akampa donati. "Sisi marafiki, sivyo?"

"Mbona ulinyamaza, mwanangu?"

"Niliona aibu. Ile donati niliila yote, Mama."

Kesho yake, siku ya arobaini na nne, walifika kwa mshauri kabla hajafungua ofisi. Mshauri huyo aliandika tarehe kwanza, ndipo akauliza habari. Keziah alieleza neno kwa neno, donati nayo hakuificha.

Huckaby alikana kavu. Lakini mchunguzi aliyekabidhiwa lalamiko alipodai karatasi za usaili, alikuta alama za Odessa zimefutwa na kuandikwa upya. Yule mwenzake naye, alipoapishwa, akasema yote. Baada ya miezi kumi na mmoja barua ikaja: Odessa apewe kitengo, Huckaby aondolewe usimamizi.

"Hakuomba radhi?" Keziah alimwuliza mama yake jioni hiyo.

"Huyo? Leo kanikuta ngazini, kaniita 'rafiki yangu'. Mwili mzima umenisisimka!"

"Uchafu ukifunikwa huzidi kunuka," alisema Mama Mkubwa. "Keziah, ukiona dhuluma, sema mapema. Sheria ni mlango, na mlango una saa zake. Hukumtendea mama yako ubaya wewe. Ila kimya chako nusura kimfunike mbaya wake."

"Nimesikia, Mama Mkubwa."

Punde Mama Mkubwa akawa anakoroma kitini. Mama alipiga pasi shati la kazini huku akiimba kwa sauti ya chini, kisha akajilaza. Keziah alisikiliza pumzi zake mpaka zikatulia, naye akalala.