Dada wa Nani

Mpigahodi aliteremka polepole mbele ya mlango, akasimama hewani usawa wa kifua cha mtu mzima, akasema kwa sauti ya heshima, "Hodi hapa."

Alikuwa mviringo kama sufuria ya wali wa shughuli, mweupe, mwenye jicho moja la kioo. Miguu hana, mikono hana, lakini Dodoma nzima ilimzungumzia kama mtu, si kama chombo. Kazi yake ilikuwa moja tu: kupita nyumba kwa nyumba akimtafuta mtoto ambaye jina lake halimo katika shule yoyote. Masikio yake yalisikia pumzi kupitia ukutani, na kwa pumzi hiyo akamjua mkubwa na mdogo. Sheria ilimfunga kwa jambo moja: haingii mpaka aambiwe karibu. Akishaambiwa, basi, huna tena pa kumficha mtu.

Aliyeipigania sheria ya kumleta alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano, Minza, wa mtaa wa Kisasa. Darasani aliongoza tangu utoto, na alipowahutubia wakubwa, wakubwa walifuta macho. Picha yake ilikuwa ubavuni mwa kila treni ya angani. Asubuhi hiyo Mpigahodi alikuwa anazinduliwa, na nyumba ya kwanza ilikuwa yao, nchi nzima ikitazama kupitia lile jicho. Mambo yakienda vizuri, Minza angesafiri kwenda Baraza la Watoto wa Dunia kuwasemea wenzake wote.

Jikoni, nyuma ya pazia, Kabula aliisikia hodi ile, akatulia tuli.

Alitakiwa awe sokoni. "Kanunue nyanya," mama mkubwa, mama yake Minza, alikuwa amemwambia, "na usiharakishe kurudi. Kaa huko mpaka adhuhuri." Kabula akachukua kikapu, akatokea mlango wa uani, akazunguka nyumba, akarudi jikoni.

Baba yake na baba yake Minza walikuwa ndugu wa tumbo moja. Alipoletwa kutoka Maswa aliambiwa anakuja kusoma. Muhula wa kwanza akaambiwa asubiri kidogo, mama mkubwa anaumwa mgongo. Muhula wa pili, asubiri. Baadaye hakuna aliyesema subiri tena, na jina lake nalo likapotea. Nyumba nzima ikamwita dada. Minza alimwita hivyo kwa heshima, maana Kabula alimtangulia kuzaliwa kwa miezi michache. Mama mkubwa alimwita hivyo kama watu wanavyowaita wasichana wao wa kazi. Neno ni lile lile.

Wivu wa Kabula ulianzia kwenye viatu. Siku moja alivijaribu vya Minza, vikamkaa kana kwamba vilishonewa mguu wake. Laiti vingembana, pengine angelala usingizi. Tangu hapo makofi yote aliyopigiwa Minza yalimwingia Kabula kama mchanga machoni. Na Minza hakujua. Alikuwa akija kusimama mbele ya meza ya kupigia pasi, "Dada, nisikilize basi. Nitulie hapa, au nitulie baada ya 'darasa'?"

"Tulia hapo hapo," Kabula alijibu, huku akiinyoosha sketi ya mwenzake. Hotuba yote aliimeza hivyo, sketi baada ya sketi.

"Karibu," Minza alisema mlangoni.

Mpigahodi aliingia sebuleni. "Asanteni. Nasikia pumzi za watu watatu. Wawili wana umri wa shule. Shuleni ninaye Minza peke yake."

Mama mkubwa alicheka kidogo. "Labda umesikia za jirani, baba."

"Za jirani ziko mbali, mama. Hizi zinatoka jikoni."

Mlango wa uani ulikuwa bado wazi. Kabula aliutazama. Angeweza kutoka, na Minza angesafiri, na kesho pasi ingekuwa pale pale. Lakini alitaka auone uso wa Minza ukianguka. Hilo tu. Akafunua pazia, akatokeza peku, kikapu kitupu mkononi.

"Ah, huyo," mama mkubwa alisema. "Huyo ni dada tu."

"Dada," alisema Mpigahodi. "Neno hilo nimefundishwa maana mbili. Ni dada wa kuzaliwa, au dada wa kazi?"

Minza alipima majibu yote mawili. Akisema wa kazi, basi mtetezi wa watoto anapigiwa pasi na mtoto. Akisema wa kuzaliwa, ataulizwa mbona hasomi. Akainamisha macho, yakaangukia miguu ya Kabula, kama anaiona leo.

"Nimwulize mwenyewe," Mpigahodi alisema. "Binti, jina lako nani?"

Kabula alidhamiria kutaja jina tu. Yakatoka na mengine.

"Naitwa Kabula Shigela. Mimi ni mtoto. Sikuja duniani kusubiri." Akatulia. "Mlango wa darasa ni mlango wangu. Nimebisha hodi." Akatulia tena. "Nani ataniambia karibu?"

Nje, barabarani, watu waliokuwa wakitazama walianza kupiga makofi. Mchana ule ule jina lake likaingizwa shuleni. Kabla jua halijazama Baraza likaleta ujumbe: atakayesafiri ni yule aliyesema mbele ya jicho. Minza abaki.

Jioni sare mpya ya Kabula ilikuwa mapajani mwake. Minza alikuwa mezani, pasi mkononi kwa mara ya kwanza.

"Maneno yale ni yangu," alisema bila kuinua uso. "Niliyatunga mimi."

"Ni yako."

"Na ukatulia pale pale ninapotulia mimi."

"Pale pale."

"Mwizi wewe."

Kabula alimtazama, akauona mchanga ule ule machoni mwa mwenzake. Alidhani siku akiuona atafurahi. Hakufurahi.

"Uliyatunga wewe, Minza," alisema. "Lakini uliyekuwa unamsema ni mimi."

Minza akaikandamiza pasi. Harufu ya kitambaa kinachoungua ikapanda.

"Dada, hii pasi inazimwa wapi?"

Kabula hakunyanyuka. Moshi ukaanza.

"Dada."

Kabula akaendelea kuikunja sare yake.

"Kabula," alisema Minza.

Akanyanyuka, akamwonyesha.