Nani Kamroga Ngassa?

Kijijini kwao, nje kidogo ya Runzewe, hakuna aliyecheza bugobogobo kama Ngassa. Hiyo ni ngoma ya majembe. Ngoma inalia, watu wanalima, majembe yanarushwa juu na kudakwa. Ngassa aliongoza kikundi cha Bagalu. Mpinzani wake, Ndaki, aliongoza Bagika. Tangu ujana wazee hawa walitukanana kwa nyimbo, na watu walicheka mpaka mbavu zikauma.

"Mimi niliolewa na jembe," Zipora, mke wa Ngassa, alizoea kusema. "Mwanamume alikuja nalo tu."

Lakini mwaka huo jembe lilimshinda mwenyewe. Ngassa alilima kidogo, akasimama kuhema. Usiku hakuweza kulala chali. Alikaa ameegemea ukuta mpaka kukuche. Miguu yake ilivimba, viatu vikagoma kuingia.

"Baba Abel, twende zahanati," Zipora alisema.

"Zahanati inatibu uchawi?" Ngassa alijibu. "Ni Ndaki huyu. Mashindano ya Sabasaba yanakaribia, anajua hawezi kutushinda. Kanifunga pumzi."

Akanywa dawa za mizizi. Akachanjwa kifuani. Hali ikazidi kuwa mbaya. Zipora, mkali wa maneno kijiji kizima, sasa aliacha utani. Mumewe alihema kwa kutoka mlangoni kwenda jikoni tu. Zipora aliogopa kubaki mjane.

Asubuhi moja alimwita jirani yao Violeth, daktari wa zahanati.

"Shikamoo, Baba Abel."

"Marahaba. Umeletwa na huyu?"

"Nimeletwa na miguu yangu. Hebu nione ya kwako."

Aliubonyeza mguu. Kidole kikaacha shimo. Kisha akasikiliza kifua kwa muda mrefu.

"Baba, moyo wako una sauti isiyo ya kawaida," alisema. "Moyo una milango. Inafunguka damu ipite, inajifunga isirudi. Mlango ukiharibika, moyo unafanya kazi kupita kiasi. Maji yanajaa kwenye mapafu na miguuni."

"Basi nipe vidonge."

"Nitakupa vya kupunguza maji, lakini havirekebishi mlango. Na mimi nasikia tu, sioni. Daktari bingwa wa moyo ana kipimo kinachoonyesha moyo ukipiga."

"Kwani kila anayehema anapelekwa kwa bingwa?" Zipora aliuliza.

"Hapana, Mama Abel. Lakini mtu akikosa pumzi kwa kazi aliyoizoea, akivimba miguu, akishindwa kulala bila kuegemea, asikae nyumbani. Aje apimwe mapema. Tukisikia sauti kama hii, tunampa rufaa kwa bingwa. Na akizimia au akibanwa kifua, awahishwe hospitali siku hiyohiyo."

Ngassa alitikisa kichwa. "Ndaki akiniachia, nitapona."

Zipora alisimama. Akajifunga kanga kiunoni, akaenda moja kwa moja kwa Ndaki.

"Shemeji, mume wangu anasema umemroga."

Ndaki aliangua kicheko. Lakini aliposikia habari za pumzi na miguu, kicheko kilikatika. Akampakia Zipora kwenye pikipiki yake, wakarudi pamoja. Alimkuta Ngassa uani, hata salamu hakumpa.

"Wewe mzee! Nikuroge, halafu nimtukane nani uwanjani? Hawa vijana wasiojua kujibu?" Kisha sauti yake ikashuka. "Dada yangu Paskazia alivimba hivihivi. Tukasema karogwa. Tulizunguka kwa waganga mpaka tukamzika. Wewe sitaki kukuimbia kwenye msiba. Jiandae twende."

Ngassa aliinama.

"Mpunga wangu nani atauvuna?" aliuliza mwishowe.

"Sisi Bagika. Na tutauvuna vizuri kuliko nyie."

Violeth aliandika rufaa, na Ndaki akawapeleka kwa pikipiki mpaka stendi ya basi. Huko Mwanza, bingwa wa moyo alimpaka Ngassa mafuta kifuani na kupitisha kipimo. Kwenye skrini Zipora aliuona moyo wa mumewe ukihangaika. Machozi yakamtoka.

"Mzee, utotoni uliwahi kuumwa koo, kisha viungo vikavimba?" bingwa aliuliza.

"Niliumwa sana."

"Koo la mtoto lisipotibiwa vizuri linaweza kuharibu moyo baadaye. Mlango wako mmoja umekakamaa. Wengine tunawapa dawa na kuwafuatilia. Wengine wanahitaji upasuaji. Wako utapanuliwa kwa mrija mwembamba, kupitia mshipa wa damu. Umechelewa, lakini hatujashindwa."

Kazi hiyo ilifanyika Dar es Salaam. Ngassa alirudi na dawa zake, na kliniki hakukosa. Sasa alilala chali na kukoroma. Zipora alilalamika kwa majirani kwamba hapati usingizi, huku akitabasamu.

Sabasaba ya mwaka uliofuata, bingwa alimruhusu kucheza taratibu. Majembe aliwaachia vijana. Yeye aliimba:

"Ukihema bila mbio, usimsake mchawi,
Nenda wakupime moyo, Ndaki ana pikipiki!"

Uwanja ulilipuka kwa vicheko. Katika ngoma hii, mwenye watazamaji wengi ndiye mshindi. Watu wakamhama Ndaki mmoja mmoja, mpaka akabaki na wapiga ngoma wake. Mwishowe naye akaweka jembe chini, akaja kusimama karibu na Zipora.

"Wabeja, shemeji," Zipora alimshukuru kwa Kisukuma.

"Usinishukuru," Ndaki alisema, akicheka mpaka akashika tumbo. "Nimeyataka mwenyewe. Nimempeleka akapone, sasa kanimalizia watu!"