Saini ya Marehemu Mke Wangu

Mke wangu Dalvina tulimzika tarehe nne Juni.

Tarehe kumi na moja Juni... akasaini karatasi kiwandani!

Msinicheke. Shule niliishia darasa la tatu, lakini tarehe nazijua, na saini ya mke wangu naijua. Ile D yake yenye mkia kama wa jogoo nimeiangalia miaka kumi na tisa.

Karatasi ilibandikwa ukutani kantini, pale tunapopanga foleni ya maharage. Kumbukumbu za kikao cha kamati ya usalama. Nikaisoma kwa kidole, neno kwa neno.

"Wajumbe wote wamekagua mabomba ya gesi ya ukumbi wa kukatia kuku. Hakuna tatizo."

Hakuna tatizo?!

Bomba hilo hilo ndilo lililopasuka, amonia, gesi ya kupozea nyama, ikajaa ukumbini, wenzake Dalvina wakatoka wanatambaa... yeye akatolewa kwa machela!

Naitwa Valdecir. Natundika kuku kwenye mnyororo, kiwanda kimoja huku Santa Catarina, Brazili. Kwetu sheria inataka kiwanda kiwe na kamati ya usalama. Nusu ya wajumbe anawaweka bosi, nusu tunawapigia kura sisi wavuja jasho. Dalvina tulimchagua sisi. Kazi yake ilikuwa moja: akiona hatari aseme, hata bosi akinuna.

Nikaing'oa ile karatasi. Nikamfuata Ivonete, karani wa kamati, shoga yake Dalvina, aliyemsimamia binti yetu ubatizo.

"Ivonete! Nani kaghushi saini ya marehemu?"

"Shemeji, punguza sauti..."

"Sipunguzi! Ni wewe?"

"Watu wanakula, shemeji."

"Waache wale! Mmemzika juzi, leo mmemfufua awasainie uongo wenu?"



Ivonete akaanza kulia. Akanivuta mkono mpaka ofisini kwake, akafungua faili.

"Angalia mwenyewe."

Julai. D yenye mkia.

Agosti. D yenye mkia.

Nikafunua, nikafunua, mpaka Desemba... Dalvina kasaini! Na juu pameandikwa: "Mwaka umeisha salama, hakuna ajali."



"Hakuna aliyeghushi, shemeji. Bosi anachapisha za mwaka mzima Januari. Tunaitwa, tunapewa kahawa na keki, tunasaini kumi na mbili kwa mkupuo. Ndivyo ilivyo miaka yote. Hiyo ya Juni mtu wa ofisi kaibandika kwa mazoea, hata hajaisoma."

Nikazikunja zile karatasi, nikazitia ndani ya shati.

Mlango ukafunguliwa. Bosi Gervasio!

"Pole na msiba, Valdecir. Hebu rudisha hizo karatasi."

"Sirudishi."

"Tumia akili basi. Mkaguzi wa serikali anakuja kesho. Atauliza nani alithibitisha kwamba bomba ni zima. Jina la nani liko hapo chini?"

Nikalishika shati kifuani.

"La mkeo," akasema taratibu, kama anambembeleza mtoto. "Unataka binti yako aambiwe mama yake alijimaliza mwenyewe kwa kalamu?"

Ndugu zangu, hapo alinipata. Mkono ulishaingia kwenye shati kuzitoa, sitawadanganya. Dalvina hakuniachia nyumba wala gari. Aliniachia jina.

Lakini ng'ambo ya ukuta nilikuwa nasikia visu vikikata kuku. Wanawake sitini walisharudishwa ukumbini, chini ya bomba lile lile, limepigwa kiraka tu!

Nikautoa mkono mtupu.

"Bosi, na jina lako liko juu ya lake. Mwenyekiti. Tutachafuka wote."

"Nitakufukuza kazi!"

"Fukuza. Kuku utatundika mwenyewe."

Kesho yake mkaguzi akaja, mama mmoja mfupi, hacheki. Nikamkabidhi zote. Akaisoma ya Desemba mara mbili, akamwangalia Gervasio.

"Leo ni Juni. Huu mwaka wenu umeisha lini?"

Jasho likamtoka mzee mzima! Kabla ya chakula cha mchana ukumbi ulikuwa umefungwa, na mabomba yote yakaamriwa kubadilishwa.

Na jina la Dalvina? Lilichafuka. Kuna majirani mpaka leo wakiniona wanavuka barabara.

Uchaguzi wa kamati ulipofika, nikagombea. Walicheka. "Valdecir na kusoma wapi na wapi!" Wakanipa kura hivyo hivyo.

Kikao cha kwanza, bosi mpya kwenye kiti cha Gervasio. Kahawa. Keki. Karatasi.

"Saini hapa, mzee. Utaratibu tu."

"Nipelekeni kwenye bomba kwanza."

"Kwani hutuamini?"

"Siwaamini. Twende."

Wakanuna, lakini walinyanyuka.

Sasa msinipigie makofi. Kuna kitu sijamwambia hata binti yangu.

Siku ile ya keki, Januari, Dalvina hakusaini pale pale. Alikuja nazo nyumbani kwenye bahasha.

"Wanataka nisaini nisichokiona," akaniambia. "Nikigoma wataanza kunitafutia sababu ya kunifukuza."

Mimi nilikuwa namimina maji ya moto kwenye kibuyu changu cha yerba mate, chai yetu ya majani machungu. Sikuinua kichwa, sikuuliza ni karatasi gani wala ngapi.

"Saini tu, mama. Usituletee balaa hapa."

Akatafuta kalamu, hakuiona. Nikachomoa yangu mfukoni, nikampa.

Yalinirudia yote nilipokuwa nafunua lile faili.

Wakubwa nawalaumu, na nitawalaumu mpaka naingia kaburini. Wao walichapisha. Lakini kalamu nilitoa mimi.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, mkeo au mumeo akirudi kazini na karatasi inayomkaba rohoni, usimwambie asaini tu. Mwambie akakague kwanza.

Mabosi wakinuna... wanune!