Gundi Jikoni kwa Dobrinka

Kila Jumatatu asubuhi gari jeupe la kiwanda cha viatu lilipita kijijini. Dereva alishusha gunia kwenye kila lango, akapiga honi mara moja, akaenda zake. Ndani ya gunia mlikuwa na vipande vya ngozi vilivyokwisha kukatwa. Pamoja na gunia aliacha gundi, imemiminwa kwenye chupa pana za achari ya pilipili.

Dobrinka alibeba gunia lake mpaka jikoni, maana humo ndimo mlimokuwa na jiko la kuni. Januari hiyo bonde zima la mto Bregalnitsa lilikuwa limeganda. Alikaa mezani na mama mkwe wake, Nevena. Walipaka gundi kwenye kingo za ngozi, wakazikunja, wakazigonga kwa nyundo ndogo, kisha wakashona kwa mkono. Ikifika saa ya kula, meza ilifutwa, na maharage ya kuoka yakawekwa pale pale.

Dirisha lilikuwa limefungwa tangu Novemba. Nevena hakuogopa theluji. Alichoogopa ni upepo wa kupenya, ule unaoingia dirishani na kutokea mlangoni. Huo, alisema, ndio uliompinda shingo marehemu mumewe. Ndio unaoleta maumivu ya meno, ya mgongo, hata utasa. Kwa hiyo alikunja blanketi akaziba nalo chini ya mlango.

Kichwa kilipoanza kumuuma Dobrinka, na ncha za vidole kufa ganzi, Nevena alimjua mkosaji mara moja.

"Ulitoka na nywele mbichi," alisema. "Nilikuona. Ulisimama pale kituo cha basi kama mlingoti."

"Mama, hiyo ilikuwa Oktoba."

"Upepo hausahau, mwanangu."

Akamfunga vidole kwa vitambaa vilivyoloweshwa rakia, pombe kali ya matunda. Akaongeza blanketi la pili dirishani.

Kichwa kilizidi kuuma. Kufikia Februari vidole vilikuwa kama vijiti. Siku moja Dobrinka alitoa sinia ndani ya jiko. Alisikia harufu ya kitu kinachoungua, akageuka kukitafuta. Kilikuwa kiganja chake mwenyewe. Hakuwa amehisi chochote.

Aliketi sakafuni akautazama mkono ule. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na hakujua kazi nyingine ila ya mikono. Mikono ikifa, angekuwa nani ndani ya nyumba ile?

Kesho yake Rodna aliwaletea mayai. Rodna, jirani wa nyumba ya tatu, alikuwa ameshona kiwandani miaka ishirini, na sasa alifanya kazi kwenye chama cha wafanyakazi wa viatu mjini. Alipofungua mlango wa jikoni alikohoa. Akaenda moja kwa moja dirishani, akalifungua. Nevena akalifunga. Rodna akalifungua tena.

"Unataka kutuzika?" Nevena aliuliza.

"Mnajizika wenyewe, shangazi. Vaa koti."

Rodna alichukua chupa ya gundi akauliza ni gundi ya aina gani. Hakuna aliyejua. Karatasi ya chupa ilionyesha pilipili nyekundu na tabasamu la mpishi.

"Kopo halisi la gundi hii lina maandishi ya onyo," alisema Rodna. "Ndiyo maana hamlioni. Sikilizeni. Gundi ikikauka, dawa iliyomo inageuka mvuke. Mnauvuta puani, unaingia kwenye damu, unashambulia mishipa ya fahamu. Kwanza kichwa kinauma. Kisha vidole vinakufa ganzi, halafu miguu."

"Basi tufungue dirisha, yaishe," alisema Dobrinka.

"Dirisha litapunguza. Halitamaliza. Gundi hii haifai kuwa jikoni kabisa."

Aliwauliza mabaki huwa wanayapeleka wapi. Nevena alijibu kwa sauti ya chini kwamba wanayamwaga kwenye kijito, nyuma ya miti ya plamu. Rodna aliwakumbusha kwamba kondoo wa kijiji kizima wanakunywa pale.

Daktari wa mji wa Shtip alimwambia Dobrinka afumbe macho, akamchoma kwa pini kidole baada ya kidole. Kisha akaandika barua. Aiache gundi siku hiyo hiyo, alisema. Mishipa ya fahamu hupona polepole, kwa miezi, na huenda hali ikawa mbaya kidogo kabla ya kuwa nzuri.

Trajche, mumewe Dobrinka, aliisoma barua mara mbili. Alimwonea mkewe huruma, lakini aliogopa. Mwaka uliopita mwanamke mmoja aliomba glavu, na gari likapita langoni kwake bila kusimama kwa miezi mitatu. Bwana Gligor, mwenye kiwanda, hakupenda maswali.

Rodna, aliyekuwa amekaa nao mezani, aligeuza kiatu kimoja kilichokwisha kushonwa. Ndani ya ulimi wa kiatu palikuwa pamechapwa jina la kampuni.

"Unalijua jina hili, Trajche?"

"Ni la Wajerumani."

"Basi kiatu hiki si cha Gligor peke yake. Kampuni inayoweka jina lake hapa ina wajibu mpaka jikoni kwako. Haiwezi kusema haijui viatu vyake vinashonwa wapi. Kwao kuna sheria inayozitaka kampuni kubwa zichunguze jambo hilo, na ziwe na njia ya kupokea malalamiko. Haziruhusiwi kumwacha mlalamikaji aadhibiwe."

"Na tukiadhibiwa?"

"Ndiyo maana hatutakwenda mmoja mmoja."

Jumapili Rodna aliwaita washonaji wa mtaa wote. Walifika kumi na mmoja, na saba walikuwa na vitambaa vidoleni. Kila mmoja alikuwa akijitibu nyumbani kwake, kimya, akilaumu nywele mbichi, basi lenye dirisha bovu, au mume anayeacha mlango wazi. Walitazamana mikono. Nevena alimtazama kila mmoja, kisha akainuka akaling'oa blanketi dirishani.

Waliandika barua kwa lugha yao. Walieleza kazi, gundi, chupa za achari na kijito. Waliambatisha picha na barua ya daktari, wakaituma kwenye anwani ya malalamiko iliyo katika tovuti ya kampuni. Kwa wiki tano hawakusikia kitu. Jumatatu mbili gari halikuja kabisa, na Trajche hakula vizuri.

Jumatatu ya tatu lilikuja gari jingine. Alishuka mwanamke wa kampuni, pamoja na mkalimani. Waliingia nyumba kwa nyumba, bila Bwana Gligor. Jikoni kwa Dobrinka, mgeni aliuliza kama wangependa kampuni iache kununua kutoka kiwanda hiki.

Dobrinka hakuwa mtu wa kusema mbele ya wageni. Lakini alisema.

"Mkiondoka, mtapata viatu kwingine, na sisi tutabaki na mikono hii bila kazi. Msikimbie. Kaeni, mrekebishe."

Mkalimani alitafsiri. Mgeni aliandika maneno yale yote.

Kampuni ilibaki. Ilichangia gharama ya gundi isiyo na mvuke ule mbaya, na ya feni za kuvuta hewa kiwandani. Upakaji gundi ulihamishwa huko. Majumbani walibaki na kushona tu, kwa mkataba na bima ya matibabu. Mabaki yalikusanywa kwenye mapipa, na kijito kikaachwa. Bwana Gligor alinuna mwezi mzima. Kisha akakiri kwa dereva kwamba hata yeye kichwa kilikuwa kimeacha kumuuma.

Kufikia Agosti Dobrinka aliweza kufunga vifungo vidogo bila kuvitazama. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa bado vizito. Daktari alisema avumilie.

Mwezi huo wanawake watatu wa kijiji cha ng'ambo ya mto walikuja kumtafuta. Walisimama langoni wakisukumana. Mkubwa wao alikuwa na madoa mekundu mikononi, ya dawa ya kuondoa rangi.

"Tumesikia habari za viatu vyenu," alisema. "Lakini sisi tunashona mashati tu, dada."

Dobrinka aliwafungulia lango.

"Shati nalo lina mnunuzi," alisema. "Ingieni, tutafute jina lake."