Zulia la Ngazi ya Tatu

Jua likizama tu, kobe hutoka. Si kobe wa kula mchicha. Ni mashine za chuma, kila moja ukubwa wa sufuria ya pilau ya harusi. Kobe-nyasi hutafuna majani, akayamwaga juu ya udongo yawe matandazo, kisha akapandikiza vetiva, nyasi ambayo mizizi yake hushuka ardhini kupita kimo cha mtu. Mji wa Ngazi ulichongwa kwenye mteremko wa Uluguru, nyumba juu ya nyumba, ngazi baada ya ngazi. Wajenzi walikwisha ondoka zamani; mvua haikuondoka.

Udongo ulishika katika ngazi zote isipokuwa ya Tatu, na huko ndiko alikoishi Bi Semeni, mama yake Mhandisi Mwantumu Mloka aliyewabuni kobe hao. Masikio ya udongo, vile vijiti vinavyosikiliza ardhi ikitembea, yalisema mteremko unamomonyoka. Halmashauri ikatoa neno: masika yakikuta hali ni hiyo, Ngazi ya Tatu yote itahamishwa. Kila jioni kobe walitandaza. Kila asubuhi udongo uko uchi. Fidelis, fundi wa akili zao, aliwapasua matumbo wee, asione kosa.

Mwantumu akaenda kulala kwa mama yake. Alfajiri akaamshwa na sauti aliyoizoea tangu utotoni: chwa, chwa, chwa. Akachungulia. Mtaa mzima umeinama, kila mwanamke na ufagio wake wa chelewa, wanasukumia matandazo korongoni huku wakipashana habari za nani kaposwa na nani kaachika.

"Mama, hayo majani ndiyo yanayoshika nyumba."

"Kikobe chako kinanitapikia uwanjani kila jioni," Bi Semeni akajibu bila kuinuka. "Nisipofagia, watu waseme nimefia humu ndani?"

Mwantumu akacheka mpaka akakaa chini. Marufuku ya halmashauri isingesaidia. Alijua wangefagia gizani. Akamwomba mama yake jambo zito zaidi: asifagie Jumamosi ile, siku ya kumtoa mwali mjukuu wake, nyumba itakapojaa wageni wa ngazi zote. Jioni Bi Semeni akauficha ufagio uvunguni.

Jumamosi uwanja ulikuwa na majani hadi vifundoni. Wageni wakatazamana. Bi Tekla, jirani wa Bi Semeni, na mdomo wake ule, hakukawia.

"Semeni, umeoza ufagio au mkono?"

Bi Semeni akavua viatu, akakanyaga majani taratibu kama bibi harusi.

"Kwako vumbi, shoga. Mie nimetandika zulia. Vua viatu upite."

Wakavua. Wakacheza hadi ngoma ikapasuka, na halikutimka vumbi la kuchafua hata pindo la khanga. Kufikia Jumatatu wanawake walikuwa wakigombea kobe, huyu akilalamika kwamba wa mwenzake anamwaga zulia nene. Masika yakaja kwa kishindo, na masikio ya udongo yakakaa kimya. Halmashauri ikafuta amri yake. Fidelis alipita mtaani akishangiliwa utadhani kafunga bao.

Katika shangwe hizo Bi Tekla akashikwa na homa, akalala siku mbili bila mtu kujua. Zamani ufagio mmoja ukikosekana alfajiri, mlango uligongwa kabla chai haijachemka. Sasa alfajiri zilikuwa kimya. Walimkuta hajiwezi, wakamkimbiza zahanati, akapona.

Bi Semeni hakumlaumu mtu. Kesho yake alichukua ufagio, akaanza kufagia ngazi za mawe za kupandia mtaani, pasipo na udongo wa kupoteza. Wenzake wakatoka mmoja mmoja, na habari zao.

Fidelis akapiga simu akihaha kwamba masikio yanasikia mikwaruzo ya ajabu. Mwantumu akamwambia asiyazime. Ayafundishe kuutambua kila ufagio na mwenyewe. Baada ya wiki chache akapiga tena, safari hii akijivuna.

"Mhandisi, leo umekosekana ufagio mmoja. Mashine inasema wa Bi Tekla."

Mwantumu, aliyekuwa amelala tena kwa mama yake, akatazama dirishani. Bi Semeni alikwisha fika, anagonga mlango kwa kitako cha ufagio.

"Nimepitiwa na usingizi tu, Semeni," sauti ikatoka ndani. "Kwani mtu halali?"

"Utalala kesho. Fungua, nina habari."