Kona Tupu Nyuma ya Gari

Gari lilikuwa bado jipya uani lilipoanza kulilia kona tupu.

Ilhom alikuwa akilirudisha nyuma, kama alivyofanya kila jioni akitoka kwenye duka lake la vitambaa, macho kwenye skrini ya dashibodi. Skrini ilionyesha sakafu ya zege, ukuta wa udongo, na mistari ya rangi iliyopinda kufuata usukani. Nafasi ilikuwa tele. Mlio ukaanza polepole, ukaenda mbio, kisha ukawa mmoja usiokatika, ule unaomwambia dereva kwamba bampa inakaribia kugusa.

Akakanyaga breki, akashuka. Nyuma ya gari hapakuwa na kitu. Alinusa majivu ya moto tu, akadhani jirani anaoka.

Kona hiyo ilikuwa ya tanuri. Mama yake, Salomat, aliolewa akaikuta, akaoka humo mikate maisha yake yote, na majivu akayamwaga kandokando ya ukuta kama mama mkwe wake alivyomwonyesha. Ilhom aliporudi mjini kwao Margilan kutoka kazi za ujenzi Urusi na kununua gari jeupe lenye kamera ya nyuma, alilitafutia mahali pa kulala. Akaivunja tanuri kwa nyundo, akasawazisha majivu kwa koleo.

"Yachukue ukayamwage kwenye mfereji, maji yapite nayo," mama yake alimwambia. "Na useme bismillahi."

"Mama, lori la zege liko mlangoni. Halingoji."

"Neno moja tu, mwanangu."

"Basi liseme wewe. Mie nimeshika koleo."

Jioni ile zege likawa limekauka juu ya majivu.

Gari lilipolia tena siku iliyofuata, na iliyofuata, Ilhom alilipeleka kwa fundi Zokir, waliyesoma naye shule moja. Zokir alipangusa kamera kwa kitambaa, akapitisha kiganja mbele ya kila sensa. Zote zililia ipasavyo.

"Nzima kabisa," alisema. "Ila kaka, usiziamini kama mkeo. Hizi sensa ni masikio, si macho. Zinatoa sauti, zinangoja mwangwi. Tope linazidanganya, mvua inazidanganya. Na kitu laini hazikisikii. Mtoto akivaa koti la pamba, pamba inameza sauti yote."

"Kamera si ipo?"

"Kamera inaona mbali na pembeni. Kilicho chini ya pua yake haikioni. Paka akilala chini ya bampa, wewe utaona zege safi, utarudi tu. Ndiyo maana Mungu kakupa mke. Msimamishe nyuma akuite."

"Nimenunua gari lenye kamera ili mke apumzike."

"Umelinunua ili kuwaringia majirani. Hebu niachie mimi, nakujua."

Wakacheka. Nyumbani, gari lilipolia tena, Ilhom alibonyeza kitufe akazima mlio.

Mkewe, Mavluda, ndiye aliyeona zaidi. Walikuwa wanatoka harusini, jua linazama, binti yao Oydin amekaa mapajani mwake. Oydin alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Ilhom aliingiza gia ya kurudi nyuma, skrini ikawaka, na kwenye skrini tanuri ilikuwa imesimama mahali pake, nzima nzima, mdomo wake mwekundu kwa moto.

"Baba Oydin," Mavluda alinong'ona. "Unaona?"

"Nini?"

"Hapo."

Ilhom alitazama. Alitazama kwa muda mrefu kuliko mtu asiyeona kitu. Kisha akasema, "Ukungu huo. Kioo kimeingia unyevu," akazima injini kabla hajafika kwenye kona.

Oydin alikuwa anaipungia skrini mkono. "Bibi," alisema. "Bibi nywele."

Tangu jioni hiyo mtoto akawa haonekani mara kwa mara, na kila alipotafutwa alikutwa nyuma ya gari, amechuchumaa, anaongea. Viganja vyake vilikuwa na majivu. Uani hapakuwa na majivu tena; mkate walinunua sokoni, na chakula walipika kwa gesi. Mavluda alimnawisha, akamwonyesha mama mkwe wake maji ya kijivu ndani ya beseni.

Salomat aliyatazama, akafunga mlango wa jikoni.

"Bibi mwenye nywele, amesema za rangi gani?"

"Anaonyesha mwali wa taa, mama. Manjano."

"Usimtaje kwa sauti."

"Nani?"

"Ajina. Jini wa kike, anakaa kwenye majivu. Mama mkwe wangu alikuwa akimwachia mkate wa kwanza ukingoni mwa tanuri, na mimi nikawa namwachia, na hakuna aliyewahi kudhurika." Alizungumza akiutazama mlango. "Sasa tumemvunjia nyumba na juu yake tumemwekea jiwe. Aliyevunjiwa nyumba hatoki mikono mitupu, mwanangu."

Mavluda alimwangalia Oydin, aliyekuwa akichezea kifuniko cha sufuria chini ya meza.

"Usimwache mtoto karibu na lile gari likiwa linanguruma," Salomat alisema. "Hata kidogo."

Jioni hizo mbili zilizofuata, Mavluda alimbeba Oydin kila aliposikia lango linafunguliwa. Alijaribu kumwambia mumewe. Ilhom alisema yeye ameishi mji mkubwa, ameendesha mashine zenye urefu wa ghorofa, na hatapewa masomo ya udereva na majivu. Lakini alisema hayo kwa sauti ya chini, na alipotaka kuingia uani alikuwa anasoma dua chini chini.

Siku iliyofuata alichelewa dukani. Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha alipoingiza gari langoni, akalizungusha uani, akaweka gia ya kurudi nyuma. Kwa mara ya kwanza tangu jioni ile ya harusi skrini ilikuwa safi, bila tanuri, bila moto, zege tupu na ukuta, na mistari ya kijani imelala sawasawa. Akasikia sauti ya mkewe nyuma.

"Rudi, rudi. Nafasi ipo."

Alifurahi. Alijisemea kwamba mwanamke yule, pamoja na woga wake wote, ametoka kumsaidia kama wake wengine wa mtaa wanavyowasaidia waume zao, na akaachia breki kidogo, gari likaenda, na sauti ikaendelea nyuma yake, ya upole, bila haraka, "rudi, bado, rudi," na harufu ya mkate ulioiva ikaingia kupitia madirisha yaliyofungwa, na mstari wa kijani ukafika ukutani ukawa wa manjano, na sauti ikasema "bado, rudi tu, nafasi ipo," na yeye akiwa anakaza macho kwenye skrini, ambayo haikuonyesha kitu, mlango wa jikoni ukafunguliwa mbele ya gari, kwenye mwanga wa taa zake, na Mavluda akatokea, mikono imejaa unga wa tambi.

"Baba Oydin, mtoto yuko na wewe?"

"Rudi," sauti ya Mavluda ilisema nyuma ya gari. "Rudi, ba—"

Ilhom alikanyaga breki kwa miguu miwili.

Mavluda alipita ubavuni mwa gari akikimbia. Oydin alikuwa amekaa kwenye zege, mgongo umeegemea bampa, ndani ya koti lake la pamba. Kichwa chake hakikufika usawa wa kamera. Kati ya miguu yake na ukuta palibaki nafasi ya kupitisha kiganja. Hakuwa analia. Alikuwa ameshika mkate mzima wa duara, una ufuta juu, una moto bado, mvuke unatoka pale ulipomegwa kwa meno madogo.

Salomat alitoka na kitambaa cha meza, akauchukua mkate kutoka mikononi mwa mjukuu wake, akaufunga. Mkate hauwekwi chini, hata mkate kama ule.

Bi Hosiyat alikuja baada ya isha. Yeye ndiye aliyewafundisha wanawake wa mtaa Kurani, na ndiye aliyeitwa mtoto akishtuka au mzazi akiharibikiwa. Alifukiza isiriki, mmea mkavu wa kufukuzia mashetani, chumba hadi chumba, moshi mchungu ukawatoa wote machozi, kisha akaketi na kuomba aonyeshwe mkate. Akaufunua. Akaweka kidole kwenye alama ya meno.

"Kipande hiki kiko wapi?"

"Hatukukiona," Mavluda alisema.

Bi Hosiyat akafungua kinywa cha mtoto, akatazama chini ya ulimi, akakifunga polepole.

"Ilhom. Ulipokwenda Urusi, mama yako alifanya nini asubuhi ile?"

"Alinipa mkate niung'ate. Akautundika ukutani."

"Na wewe?"

"Nilirudi. Nikaumaliza." Alipomaliza kusema, uso wake ulibadilika.

"Ndivyo na majini wanavyofanya," Bi Hosiyat alisema. "Aliyeng'ata anangojwa. Hata mkihama mji."

"Tuuchome!" Ilhom alisema.

"Mkate hauchomwi. Tena mkiuchoma, deni linabaki bila shahidi. Mkate unaliwa. Asipoumaliza aliyeuanza, aumalize mwingine wa damu yake, na atakayemeza tonge la mwisho ndiye aliyeitwa. Kesho mvunje zege, mjenge tanuri, mumrudishie mwenyewe kwake. Hilo litamtuliza. Lakini hilo halifuti deni la mtoto." Alivuta mtandio wake. "Afadhali liishe kabla hajalala. Walioitwa, wakilala ndipo huenda."

Oydin alikuwa amekwisha kufumba jicho moja begani mwa mama yake.

Ilhom akanyoosha mkono. Mavluda naye akanyoosha, akausukuma wa mumewe.

"Mimi ndiye niliyelimwaga zege," Ilhom alisema.

"Wewe una watu wa kulisha," Salomat alisema. Mkate ulikuwa tayari mapajani mwake. "Na wewe, mkwe, una mtoto wa kulea. Niacheni. Mie meno nimebakiwa na manne na kazi sina."

"Mama!"

"Nimiminieni chai. Nitaumeza vipi mkavu hivi?"

Wakamtazama. Alimega vipande vidogo, akavichovya ndani ya bakuli la chai, akala bila haraka, kama mtu aliyealikwa. Mavluda alikuwa analia kimya kimya, uso ndani ya nywele za mtoto. Ilhom alipiga magoti mbele ya mama yake na hakujua la kufanya na mikono yake. Salomat alipofika mwisho, aliokota makombo kwenye kitambaa kwa ncha ya kidole kilicholowa, akayala pia.

"Chumvi yake imekaa sawa," alisema. "Mwanamke huyu anajua kuoka."

Asubuhi Ilhom alivunja zege kwa mikono yake. Majivu ya chini yalikuwa ya moto. Alipoyagusa kwa koleo yalitoa moshi. Safari hii aliyapeleka mferejini ndoo baada ya ndoo, akisema bismillahi kwenye kila ndoo, na Bi Hosiyat akasoma pale kona ilipobaki shimo. Tanuri mpya ilijengwa kwa udongo na manyoya ya mbuzi. Gari likahamishiwa karibu na lango. Oydin hakuenda tena kwenye kona. Alipoulizwa habari za bibi wa nywele za manjano, aliduwaa kama mtu anayeulizwa habari za mtu asiyemjua. Ilhom alipowasha tena mlio, sensa zikawa zinalilia vitu vilivyopo tu: lango, ndoo, baiskeli ya jirani.

Salomat alikula, alisali, aligombana na muuza maziwa. Ilhom alimchunguza kila siku, kisha akaacha kumchunguza.

Zabibu zilipoanza kuiva juu ya ua, asubuhi moja alitaka kutoa gari. Alishuka kwanza, akazunguka nyuma, akainama akatazama chini ya bampa. Sasa hakuliondoa bila kufanya hivyo. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kitanda cha mbao chini ya mzabibu, Oydin mapajani, bakuli la chai mkononi. Ilhom akaingia garini, akaweka gia ya kurudi nyuma.

Tanuri ilionekana pembeni mwa skrini, kama ilivyopaswa. Siku hiyo hakuna aliyeiwasha. Kwenye skrini ilikuwa inawaka. Mwanamke mwenye nywele za manjano alikuwa anakanda unga, na kando yake, mikono ya gauni imekunjwa hadi kwenye viwiko, Salomat alikuwa ameinama kwenye mdomo wa tanuri, anabandika mkate kwenye ukuta wa ndani, na wawili hao walikuwa wanazungumza kama wanawake wanavyozungumza jikoni, bila kutazamana.

Ilhom akainua macho. Kupitia kioo cha mbele, mama yake alikuwa pale pale chini ya mzabibu, anapuliza chai ipoe kwa ajili ya mtoto.

Akazima injini. Akavuka ua, akachuchumaa mbele yake, akalichukua bakuli mkononi mwake. Vidole vya mama yake vilikuwa vya moto, si kwa chai. Chai ilikuwa imekwisha kupoa. Vinyweleo vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimeungua hadi kwenye kiwiko.

"Mama," alinong'ona. "Uko wapi?"

Salomat hakumtazama. Alikuwa anampangusa Oydin mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Huyu kashiba?"

"Kashiba, mama."

"Basi usiniulize," alisema, na kwa mkono ule mwingine alikuwa ameshikilia ukingo wa kitanda kwa nguvu, kama mtu anayevutwa.