Kuwaazima Macho

Jua lilikuwa linazama Konokono alipobeba sanduku lake la mazingaombwe, akashika njia ya kwenda kwenye nyumba ya ghorofa iliyo nyuma ya kiwanda cha magodoro. Jina hilo alibandikwa na dada yake, fundi cherehani, kwa sababu akitupiwa jicho tu anajikunja. Mikono alikuwa nayo, tena mikono ya ajabu! Sarafu ilimpotea kiganjani huku umeikazia macho. Lakini mpandishe jukwaani uone. Kwenye arusi ya mwisho alisimama kama nguzo, karata zikamwagika chini, na bwana arusi mwenyewe akacheka mpaka akashika mbavu.

"Leo ukiniaibisha tena, mazingaombwe basi," dada alimwambia akimfunga vifungo vya kizibao. "Utakwenda ghalani kwa shemeji yako, ukapigizane kelele na wapakiaji. Lakini huyu mama niliyekupatia ana wageni wachache, watulivu. Kasema hawana tabia ya kumkodolea mtu macho."

"Kweli, dada?"

"Nikudanganye ili iweje?"

Ghalani! Bora afe. Alichotaka maisha yake yote ni chumba kimoja tu ambamo angeweza kufanya kazi yake bila kuchomwa na macho ya watu.

Mlango ulifunguliwa kabla hajabisha. Alikuwa mwanamke mnene, mtandio umemshuka mpaka puani, kichwa kakiinamisha.

"Karibu, mwanangu," alinong'ona. "Wanakusubiri."

Hakumtazama hata mara moja. Konokono akampenda papo hapo.

Chumba kilikuwa kirefu. Taa moja, meza ndogo, harufu ya nguo zilizokosa jua. Wageni walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki, wake kwa waume, kimya...

Wote wamempa mgongo.

Wameuelekea ukuta.

"Ndivyo walivyo," mama alinong'ona. "Wewe fanya kazi yako."

Mwingine angetimua mbio. Konokono, masikini, alifurahi! Akafungua sanduku, akakohoa, akasema maneno yake ya siku zote ya kufungulia kazi.

"Jamani, naomba kuwaazima macho kidogo."

Migongo yote ikajibu pamoja, taratibu.

"Tumepokea."

Akadhani ni utani wao. Macho yalimwasha kidogo, kama ya mtu anayekata vitunguu. Akapepesa, yakaacha.

Basi akaanza. Lo! Mikono ilitiririka. Sarafu ikapotea, na migongo ikapumua: "Aaah..." Leso ikatoka ngumini na mafundo yake, wakapiga makofi. Akafanya hata mambo ambayo hajawahi kuyathubutu nje ya chumba chake cha kulala. Akatania. Yeye, Konokono, akatania, na watu wakacheka! Alitamani dada yake awepo aone.

Ndipo akajiuliza.

Wanaonaje?

Akachungulia ukuta. Rangi imebabuka, kioo hakuna. Akaipeleka sarafu mkono wa kushoto, akaificha chini ya meza, akainama kuitazama. Hata aliyekaa mbele yake asingeiona.

"Haya, iko wapi?"

"Kushoto," bibi mmoja alinong'ona bila kugeuka. "Chini ya meza. Kidole chako kina kovu."

Akafumba macho.

"Giza!" Viti vikakwaruza sakafu. "Jamani, giza! Fumbua!"

Akafumbua. Wakatulia. Akatupa jicho mlangoni.

"Anautazama mlango," bibi akasema kwa huzuni.

Konokono alimgeukia mama mwenye nyumba. "Hawa wanaonaje?"

"Si umewaazima macho?"

"Niliomba wao waniazime mimi! Ni maneno ya kazi tu, mama!"

"Ungesema 'niazimeni'. Wewe umesema unawaazima wao, tena umeomba kabisa. Watu wamekaa hapa miaka na miaka hawana, anakuja mtu kwa hiari yake..." Akainua mtandio.

Chini ya nyusi palikuwa na ngozi tupu, laini kama kisigino cha mtoto mchanga.

"Watarudisha lini?"

"Wakitosheka. Nenda zako, mwanangu. Si lazima ubaki hapa."

Akakimbia, sanduku akaliacha. Kila alichokiona njiani, masikioni alisikia pumzi zao. Aaah... taa. Aaah... mbwa. Aaah... watoto wanacheza. Walikuwa wanalia kwa furaha, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Watu hao hawatatosheka leo wala kesho.

Mtaa wao ulipoanza, akafumba macho kabisa, akapapasa kuta mpaka mlangoni.

"Vipi, imekuwaje?" Ilikuwa sauti ya dada.

"Wamenipenda."

"Nilijua! Sasa mbona umefumba macho? Unanionea aibu hata mimi?"

"Dada, usinisogelee. Nikikutazama watakuona."

"Nani wataniona? Acha mambo yako. Kimekuingia kidudu?"

Akamshika uso kwa mikono yake yenye harufu ya mafuta ya cherehani. Konokono alijitahidi kugeuka, lakini kidole gumba kilishampandisha kope, kwa upole, kama alivyomfanyia tangu utotoni.

Akamwona. Uso uliochoka, na macho yake makubwa, mazuri.

"Aaah..." Pumzi ya bibi ilimfikia sikioni, karibu kabisa. "Huyu anayo. Mwambie atuazime. Yako tutakurudishia."

Dada hakusikia kitu. Aliona tu mdogo wake anatetemeka na kulia, na yeye ndiye aliyempeleka huko, roho ikamuuma.

"Kwani unataka nini, mdogo wangu?" akambembeleza. "Niambie tu. Chochote, nitakupa."

Konokono akauziba mdomo wake kwa mikono miwili.